Maswali yenu: Mtoto anang'ang'ania kuanika nguo, nimuache au nimfukuze?

SWALI: Shikamoo mama. Nakaa Pasua hapa Moshi, nina mtoto wa kiume ana miaka miwili na miezi minane. Shida yangu ni Jumamosi. Jumamosi ndo siku yangu ya kufua maana wiki nzima niko kazini, na huyu mtoto akisikia tu beseni limeguswa anakuja mbio, na yeye anataka aanike. Anachomoa nguo anaiburuza chini, na mnajua udongo wa huku ulivyo mwekundu, wiki iliyopita shati jeupe la baba yake nimelisuuza mara tatu. Alafu vibanio anaweka mdomoni, saa ingine anavibana vyote kwenye fulana yake mpaka mimi nakosa vya kubania. Nikimfukuza analia kama kafiwa. Nimejaribu kumpa simu aangalie katuni, anatulia, nafua namaliza, ila roho inaniuma kwa sababu anakaa nayo masaa mawili na nikija kuichukua ni vita. Juu ya hayo mama mkwe alishuka kutoka Kibosho akamkuta anahangaika na soksi kwenye kamba, akaniambia mtoto wa kiume hafundishwi kuanika, hiyo kazi ya kike. Sasa mama nifanyeje, nimuache au nimzuie? Na nikimuacha hakuna hatari? (Mama wa Pasua, Moshi)

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na Jumamosi zako. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu ya hapo kwenye vibanio kubanwa vyote kwenye fulana, nimemuona kabisa huyo mtoto amesimama uani ameota miba kama nungunungu na amefurahi. Nakujibu moja kwa moja: muache aanike. Sio umuache hivi hivi, umtengenezee, ila muache. Huyo hakusumbui, anakusaidia, ni vile bado hajui kusaidia, na kwake yeye kusaidia na kucheza ni kitu kimoja, hajui hiki kinaishia wapi na kile kinaanzia wapi.

Na sikwambii hivi kukufariji. Mwaka 2006 watafiti wawili, Felix Warneken na Michael Tomasello wa Leipzig kule Ujerumani, walichukua watoto 24 wa miezi 18, yaani wadogo kuliko wako kwa zaidi ya mwaka mzima, wakawapima kama wanaweza kumsaidia mtu mzima ambaye hata sio ndugu yao. Sasa sikiliza moja ya majaribio yao ilikuwa nini: mtu mzima anaanika taulo kwenye kamba, anadondosha kibanio kama bahati mbaya, ananyoosha mkono hakifikii. Basi. Haombi, haahidi kitu, hatoi hata asante. Na watoto walikuwa wanainuka wanaenda kuokota kile kibanio wanampa. Ukijumlisha na majaribio mengine waliyofanya, watoto 22 kati ya wale 24 walisaidia angalau mara moja. Kibanio cha nguo mwanangu, hicho hicho cha kwako! Miaka miwili baadaye, 2008, watafiti hao hao wakajaribu kuwapa watoto wa miezi 20 zawadi kila wakisaidia, na waliopewa zawadi ndo baadaye walipunguza kusaidia, wakati waliosifiwa kwa mdomo na wale ambao hawakupewa chochote waliendelea tu. Kwa hiyo na pipi usianze kumpa. Kazi yenyewe inamtosha, na kuwa karibu na wewe.

Sasa twende kwenye shati la baba yake. Hilo kosa sio la mtoto, ni la beseni. Umemuweka mtoto wa miaka miwili kwenye beseni la watu wazima lenye mashati na mashuka, nguo ikishalowa maji ni nzito, lazima ataiburuza, angefanyaje? Mimi nimekulia mlimani, na mama yangu akienda kukata majani ya ng'ombe alikuwa hatuachi nyumbani na hatubebeshi mzigo wake. Alikuwa anakata vijani vichache, anavifunga kwa kamba ya mgomba, kafurushi ka kunitosha mimi, ananitwika kichwani, na nilikuwa natembea nyuma yake najiona nimelisha zizi zima. Mdogo wangu na yeye alikuwa na kake kadogo zaidi. Ndo hivyo hivyo na kuanika. Tafuta kibeseni kidogo, hata kile kilichopasuka mdomo, weka humo soksi, leso, kofia zake na chupi zake, vitu vyepesi ulivyokamua vizuri. Chini tandika mkeka mkuukuu au khanga iliyochakaa ili kikidondoka kisiguse udongo. Alafu funga kakamba kafupi, usawa wa kifua chake, labda kutoka kwenye mpera mpaka kwenye nguzo, kiwe chake. Shati la baba liweke mbali, kwenye beseni la juu ya stuli, asilifikie.

Jumamosi inayokuja ukishamaliza hayo usimuelekeze sana. Kaa umuangalie vidole. Kufungua kibanio kwa mtoto wa umri huo ni kazi kubwa jamani, anakishika kwanza kwa mikono miwili, ulimi umetoka nje kidogo, anaminya kinateleza, anaminya tena kinafunguka anashtuka kinajifunga, na siku kitakapofunguka kikashika soksi isidondoke utamuona anavyogeuka kukutafuta kama umeona. Vidole vitatu anavyominyia, gumba na hivi viwili vya jirani yake, ndo hivyo hivyo atavishikia penseli akifika chekechea. Kama vibanio vyako vina springi ngumu za kumuumiza, mwanzoni atundike tu bila kubana, au kazi yake iwe kukupa: "nipe kimoja, nipe kingine." Hapo hapo anajifunza kuhesabu na wala hajui kama anafundishwa. Ongea naye, hii soksi ya baba kubwa, hii yako ndogo, mwenzake yuko wapi? Kuanzia mwaka na nusu mtoto anaweza kutupia vibanio kwenye kopo, akifika mitatu anatundika soksi, minne mitano anakutanisha jozi na kukunja leso, wa darasa la kwanza anafua soksi zake mwenyewe. Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua shule yake ya kwanza ya watoto wadogo kule Roma mwaka 1907, aliyaweka mambo kama haya, kufuta meza, kukunja vitambaa, kufunga vifungo, yawe ndo masomo yenyewe. Huku kwetu kuna wazazi wanalipa ada kubwa ili mtoto akamimine maji kutoka kikombe hiki kwenda kile. Wewe unayo uani, bure, kila Jumamosi.

Na usitegemee aanike dakika arobaini. Atatundika tatu, ya nne ataivaa mkononi, alafu anakimbia kupita chini ya mashuka, shuka bichi linampiga usoni linanukia sabuni anacheka anarudi tena. Muache. Cheza naye kombolela kidogo kati ya vitenge, huku unaendelea kubana. Akihamia kwenye udongo pale ulipomwaga maji ya kusuuzia, na penyewe ni sawa, mvalishe nguo ya kuchezea. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa umri wake anatakiwa apate angalau dakika 180 kwa siku za kuchangamsha mwili, na mambo ya skrini yasizidi saa moja, na yakipungua zaidi ndo vizuri. Kwa hiyo yale masaa mawili ya katuni roho yako ilikuwa inakuambia kweli. Dakika 180 zinatisha kuzisikia, lakini mtoto anayeinama, anaokota, ananyoosha mikono juu, anakimbia chini ya shuka na kubeba kibeseni, asubuhi moja tu ya kufua anakuwa ameshapiga hatua kubwa.

Mama mkwe. Nenda naye taratibu, usibishane, na usimkatalie mbele ya mtoto. Muulize kwa heshima, mama, wewe hukuwafundisha wanao kubeba majani na kuchota maji wakiwa wadogo? Atakuambia tu jinsi alivyokuwa anawapimia. Alafu mkumbushe kwamba huyu mjukuu siku akienda bweni kidato cha kwanza atakabidhiwa ndoo na sabuni ya kipande na hakuna mtu atakayemfulia sare, na akienda JKT ni hivyo hivyo, wanaume wazima wanafua wanaanika. Bora afike anajua. Mimi naamini bibi akikaa siku moja kwenye kigoda akamuona anavyominya kile kibanio atakuwa wa kwanza kumpigia makofi.

Hatari zipo, na hapa naomba unisome polepole. Ya kwanza na kubwa ni ndoo. Mtoto wa umri huu kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili, akiinama kwenye ndoo ya lita ishirini kuchezea povu akatanguliza kichwa hawezi kujitoa, na hapigi kelele, ni kimya kabisa. Maji ya sentimita tano tu yanatosha. Kwa hiyo ndoo au beseni likishamaliza kazi linamwagwa na kufunikwa chini juu saa hiyo hiyo, hata kama unaenda tu kupokea simu. Kama unaingia ndani, unaingia naye. Na kama ana dada wa miaka sita usimuachie amuangalie, na yeye ni mtoto.

Ya pili ni jiki na dawa zingine za kung'arishia nguo. Wengi tunanunua ya kupima tunaweka kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, na mtoto akiona chupa ya soda anajua ni soda. Iache kwenye chupa yake, juu, pasipofikika. Akinywa usimtapishe, usimlazimishe maziwa mengi, msukutue mdomo, kimbia naye hospitali na ile chupa mkononi. Sabuni ya unga ikimuingia machoni mwagia maji safi yanayotiririka robo saa nzima, hata akilia, ndo umpeleke. Na jiki usichanganye na dawa ya kusafishia choo, zinatoa gesi inayobana kifua.

Ya tatu ni kamba. Kakamba kake kasiwe na kitanzi wala ncha ndefu inayoning'inia, na ukimaliza kafungue, usikaache uani. Alafu angalia hiyo ya kwako, kama ni waya na umefungwa kwenye bati au unapita karibu na nyaya za umeme zinazoingia ndani, ufungue leo, leta kamba ya plastiki, waya ukiguswa na umeme mwenye mikono mibichi ndo anaondoka nao. Vibanio vilivyovunjika na vispringi vilivyochomoka tupa, hivyo ndo vya kukaba. Na jua, kuanzia saa nne mpaka saa kumi ni kali hata kukiwa na upepo, mvalishe kofia. Afadhali muanze mapema, saa moja na nusu hivi, wakati mlima bado uko wazi haujavaa mawingu, mwambie aupungie mkono.

SWALI: Mama shikamoo. Mimi ni baba wa watoto wawili, nipo Usa River. Wa miaka minne tumemzoesha kuanika nguo zake mwenyewe na kwa kuwa kamba hafikii anaanika kwenye majani pale pembeni ya nyumba. Sasa ametokwa na majipu mgongoni na moja lilipotumbuka limetoka funza. Majirani wanasema karogwa. Ni nini hiki? (Baba wa wawili, Usa River)

JIBU: Marahaba baba, hakuna aliyerogwa. Kuna nzi anapenda kutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au chini, na kwenye mchanga wenye mkojo. Mayai yanaanguliwa baada ya siku chache, vile vidudu vinasubiri, mtu akivaa nguo vinaingia kwenye ngozi, vinakua siku nane mpaka kumi na mbili ndo unaona jipu lenye katundu katikati na mtoto anasema kama kuna kitu kinatembea. Usiliminye likiwa changa maana mdudu akipasukia ndani linaoza. Paka vaselini nzito juu ya katundu, mdudu anakosa hewa anajisogeza nje, hapo ndo anatolewa taratibu, na kama yapo mengi au ana homa mpeleke kituo cha afya, ni kazi ndogo kwao.

Kuanika asiache, msogezee tu kamba. Mfungie usawa wake, palipo na jua la moja kwa moja, na zianuliwe zikiwa zimekauka kabisa sio jioni zina unyevu. Alafu pasi, ya mkaa au ya umeme, pande zote mbili, na hasa kwenye mishono na kwenye mpira wa chupi maana ndo yanapojificha. Shuka za wanaokojoa usiku zisiwekwe chini hata mara moja. Miezi ya masika na ile ya mawingu nguo hazikauki vizuri, huko ndo pasi isikosekane.

SWALI: Shikamoo mama, mimi ni dada wa kazi nipo Njiro Arusha. Mtoto wa hapa ana miaka mitatu, wa kike, anapenda sana kunisaidia kuanika na mimi napenda maana anachangamka na anakula vizuri mchana. Ila mama yake akirudi akikuta gauni lina udongo na mikono imechubuka kidogo ananigombeza mimi, anasema namfanyisha mtoto kazi. Siku hizi namfungia ndani na tivii, analia dirishani ananiangalia naanika. Nisaidie. (Dada, Njiro)

JIBU: Marahaba mwanangu, na asante kwa kumpenda mtoto wa mwenzio hivyo. Hapo kwenye kulia dirishani pameniumiza.

Usimfiche mama yake, mwambie kabla hajakuta. Chagua jioni ameshakula, mwambie hivi: mama, mtoto anapenda kuwa na mimi uani nikianika, naomba ruhusa awe ananipa vibanio na kutundika soksi zake, ntamvalisha nguo ya kuchezea, maji namwaga kabla hajatoka, namuogesha kabla hujarudi. Ukimpangia hivyo ataona umefikiria. Muombe na yeye Jumapili moja akae uani dakika kumi tu awaone. Na wewe mama mwenye nyumba kama unasoma hapa, kumfanyisha mtoto kazi ni kumbebesha asichoweza na kumnyima kucheza, huyu anacheza, na dada yako wa kazi anamuona kwa jicho ambalo pesa hainunui, usimgombeze kwa udongo, udongo unatoka.

Kitu kimoja kwa Arusha yenu. Juni mpaka Agosti baridi ya asubuhi ni kali, usimtoe na wewe saa moja kushika nguo za maji ya baridi. Subiri saa nne jua likitoka, mvalishe sweta, mpe zile ulizozikamua sana au zilizokaribia kukauka azigeuze upande wa pili, na pembeni weka taulo kavu ya kumfuta mikono kila baada ya nguo mbili tatu. Michubuko ya vidole mpake mafuta usiku. Na ile fimbo ndefu ya kuinulia kamba iwe ya kwako peke yako, yeye muachie kopo la vibanio, akutangulie nalo.